Viwavi shambani Lumakanda: ni wale wa zamani wa mama, au ni hawa wa Marekani?

Mkulima_Lumakanda

Wakulima wenzangu, hamjambo. Nina swali moja, ila itabidi nianze na habari ya mtaro.

Shamba liko Lumakanda, ekari mbili kasoro. Nilipanda mbegu ya mahindi ya 614 mwisho wa Machi, maharagwe katikati ya mistari, na sasa mahindi yamenifika magotini. Wiki mbili zilizopita niliona majani yana madirisha madogo, yaani nyama ya jani imeliwa ikabaki ngozi nyembamba kama nailoni. Baada ya siku nne madirisha yakawa matundu, na matundu yenyewe yamejipanga mstari kama mtu aliyepiga msumari kwenye jani likiwa bado limekunjwa. Ukifungua moyo wa mmea unakuta uchafu kama unga wa mbao kwa fundi seremala, umelowa.

Mama yangu ana miaka 76 na ndiye mwenye shamba hata kama hati ina jina langu. Alikuja na fimbo yake, akatazama, akasema neno moja: viwavijeshi. Akanisimulia alivyowaona akiwa msichana kwao Kabras. Anasema walikuwa weusi, wamejaa hadi njia ya kwenda mtoni ikaonekana inatembea. Waliingia kupitia malishoni, wakamaliza nyasi, wakavuka barabara, wakaelekea kwenye shamba la wimbi la babu. Watu walitoka na majembe wakachimba mtaro. Viwavi wakaanguka humo, wakashindwa kupanda upande wa pili, kuku wakala mpaka wakakinai, waliobaki wakafukiwa. Wimbi lililokuwa nyuma ya mtaro likapona.

Basi mimi mtoto mtiifu nikachimba. Vijana wawili, shilingi 500 kwa siku kila mmoja, siku tatu. Kina cha mkono mzima, ukuta wa upande wa shamba umesimama wima, na mama yuko pale anakagua kwa fimbo. Tumepita upande wote unaopakana na malisho ya jirani. Asubuhi ya siku ya nne nikaenda na ndoo kuokota viwavi. Nikakuta chura mmoja. Kesho yake, vyura wawili.

Mahindi yanaendelea kuliwa kama kawaida.

Nikaenda duka la agrovet. Kijana akanipa chupa ya shilingi 1,200, akasema "hii ni ya viwavi wote, mzee". Nikapiga saa saba mchana, pampu tatu, jua la kunichoma utosi. Baada ya siku mbili nikafungua moyo wa mmea mmoja na kumkuta jamaa amelala humo, amenenepa.

Maswali: hawa ni walewale wa mama? Kama ni wao, mbona hawatembei? Na kama si wao, nimwambie nini mama? Maana nikisema amekosea, nitapika mwenyewe.

BabaTamu_Turbo

Hao ni viwavijeshi vamizi, hata sisi wametumaliza. Piga dawa kila wiki, usiache hata wiki moja. Hakuna kingine.

Mstaafu_Njoro

Mkulima, pole kwa mtaro. Ila mama hakukosea. Alikupa dawa sahihi ya ugonjwa ambao wewe huna.

Nilikuwa afisa wa ugani miaka 31, sehemu kubwa hapa Njoro na kule Rongai, kwa hiyo hao wa mama nawajua kwa sura. Hawa wawili ni ndugu wa ukoo mmoja, hata jina lao la kwanza la kisayansi ni moja, Spodoptera. Wa mama ni Spodoptera exempta, mzaliwa wa Afrika. Wako, nikisikia hayo madirisha na huo unga wa mbao, ni Spodoptera frugiperda, na kwao ni nchi za joto za bara la Amerika. Jina hilo la pili ni la Kilatini, maana yake ni mazao yaliyopotea. Aliyembatiza alikuwa ameshamjua.

Tofauti yao kubwa iko kwenye tabia, na tabia ndiyo iliyokula shilingi elfu tatu zako.

Kiwavijeshi wa mama huanzia kwenye nyasi. Nondo wao husafiri usiku kwa upepo, na dhoruba ya mwanzo wa masika ikikusanya upepo mahali pamoja, nao hukusanywa humo humo, wakashuka eneo moja maelfu kwa maelfu na kutaga. Viwavi wakizaliwa wengi hivyo wanasongamana, na msongamano wenyewe unawabadilisha. Kiwavi wa exempta anayekua peke yake huwa wa kijani au rangi ya nyasi kavu, mpole, anajificha chini ya shina. Unaweza kupita juu yake mwaka mzima usimwone. Waweke pamoja wengi, hao hao wanageuka weusi kama makaa, wanakula mchana juani bila haya, na nyasi zikiisha wanaondoka kwa miguu kutafuta zingine. Hapo ndipo mtaro wa babu yako ulipofanya kazi. Anayekuja kwa miguu unaweza kumchimbia.

Huyu wako haji kwa miguu. Nondo anashuka usiku moja kwa moja juu ya jani la mahindi, anabandika mayai mia moja, mia mbili hivi kwa mkupuo, anayafunika kwa manyoya ya mwili wake mpaka yanaonekana kama ukungu wa mkate, kisha anakwenda jani lingine. Jike mmoja anaweza kutaga zaidi ya elfu moja maishani mwake. Vitoto vikitoka vinakwaruza jani, ndiyo madirisha yako hayo, halafu vinajining'iniza kwa uzi mwembamba na upepo unavipeleka mmea wa pili na wa tatu. Kisha kila kimoja kinaingia kwenye moyo wa mmea na kufunga mlango kwa kinyesi chake mwenyewe. Huo ndio unga wa mbao. Wakati unachimba mtaro mpakani, mgeni alikuwa ndani ya nyumba amekwisha tandika kitanda.

Ndiyo maana pia dawa ya saa saba mchana haikumpata. Wakati huo yuko chini kabisa ya faneli, yaani huo moyo wa mmea, na kinyesi chake ni paa. Hutoka kula jioni, usiku na alfajiri.

Ndugu yangu wa Turbo, dawa kila wiki sikubali. Mdudu huyu huko Amerika amepigwa dawa miaka mingi sana na ameshajenga usugu kwa aina kadhaa, zikiwemo zile za bei nafuu ambazo maduka yetu yanapenda kuuza. Ukimpiga kila wiki kwa chupa ileile, unachagua wabishi wabaki kuzaana.

Sasa Mkulima, kabla ya kuniamini, hakikisha mwenyewe. Saa moja usiku beba tochi. Simama sehemu tano za shamba, kila sehemu angalia mimea kumi, uandike. Mkamate kiwavi aliyekomaa, mtazame usoni: huyu wa Amerika ana mstari mweupe wenye umbo la Y iliyogeuzwa kichwa chini. Kisha mtazame mgongoni karibu na mkia, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho: ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe nne za mraba, wazi kabisa. Niletee majibu.

Na umuulize mama swali moja kutoka kwangu: mwaka ule Kabras, viazi vitamu vililiwa?

Kijana_Kiminini

Mzee Mstaafu, samahani nikupinge kidogo. Umesema wa zamani ni weusi. Mimi msimu uliopita nilikuta weusi ndani ya moyo wa mahindi, nikajua ni hao wa zamani, nikatulia nikisubiri waondoke. Hawakuondoka. Nilivuna gunia tisa mahali nilipozoea ishirini na mbili, na magunzi mengi yalikuwa yametobolewa.

Mstaafu_Njoro

Umenipinga vizuri, nilipaswa kulisema. Rangi ni mashahidi wa uongo. Frugiperda naye anaweza kuwa kijani, kahawia, hata karibu na mweusi. Usimhukumu mtu kwa koti. Hesabu madoa manne. Na mahali ulipomkuta pia ni ushahidi: ndani ya moyo wa mmea, na baadaye ndani ya hindi bichi. Exempta hatafuti hindi. Anakula jani mpaka unabaki uti wa kati peke yake, kisha anaondoka.

Kuhusu kuondoka kwao, hilo ndilo lililokuponza. Viwavi wa exempta wakishakomaa, wiki mbili au tatu tangu kuanguliwa, wanaingia udongoni kwa pamoja kuwa pupa, kwa kuwa wote ni wa umri mmoja. Jana shamba limejaa, kesho hakuna hata mmoja. Nimeona mtu Rongai amepiga dawa Alhamisi viwavi wakiwa tayari wanajizika, Ijumaa akatangaza kijiji kizima kwamba dawa ni kali, Jumapili akatoa shukrani kanisani. Wakitoka udongoni ni nondo, na wengi wao huchukuliwa na upepo kwenda kuharibu mbali sana na walipozaliwa. Kwa hiyo mzee aliyesema "subiri, watapita" hakuwa mjinga.

Hawa wa Amerika hawapiti. Kule Marekani wanaitwa kwa jina la majira ya majani kupukutika, na jina lina sababu. Hawana uwezo wa kulala kipindi cha baridi kama wadudu wengine wa huko. Theluji ikianguka wanakufa, wanabaki wale wa kusini kabisa, Florida na Texas. Joto likirudi wanaanza kupanda kaskazini kizazi baada ya kizazi, wanayafikia majimbo ya juu majira yakiwa yanageuka. Kila mwaka baridi inafagia, kila mwaka wanaanza upya. Sasa niambieni, Kiminini kuna theluji? Kwenye joto anamaliza mzunguko mzima, yai mpaka nondo, kwa kama siku 30. Sisi tuna mahindi ya masika, tuna ya vuli, na kando ya mto tuna ya kumwagilia. Ni mpangaji aliyepata nyumba isiyo na mwenyewe.

NyarMbita

Nami niingie, ingawa niko upande wa ziwa. Natokea karibu na Mbita, mahali wanasayansi wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu, walipo, kwa hiyo sisi tumezoea kuulizwa maswali juu ya viwavi kuliko juu ya samaki.

Kwanza historia kidogo, kwa sababu kuna watu wanasema huyu mdudu aliletwa na mahindi ya msaada au alitumwa. Barani Afrika alionekana mara ya kwanza mwaka 2016, upande wa magharibi, Nigeria na majirani zake. Mwaka 2017 alikuwa Kenya, na ni huku kwetu magharibi watu walianza kupiga kelele. Mwaka 2018 yuko India, 2019 China, 2020 Australia. Nondo wake anaweza kuruka kilomita mia moja kwa usiku mmoja. Mtu kama huyo hahitaji kutumwa.

Na si mgeni wa kwanza. Wale viwavi wanaotoboa bua la mahindi, tunawaita jina moja tu, kumbe ni wawili. Mmoja ni wa Afrika, Busseola fusca, huyo ndiye mwenyeji wa nyanda za juu kama huko Lumakanda na Kitale. Mwingine, Chilo partellus, ametoka Asia na kufika Afrika miaka ya 1930, naye anapenda joto la chini kama kwetu. Icipe walikwenda kumtafutia adui yake wa kwao, kanyigu kadogo kutoka Pakistan kanachotaga ndani ya kiwavi, wakakaachilia pwani ya Kenya mwaka 1993. Kwa hiyo habari ya mwenyeji na mgeni kwenye shamba moja ni ya kitambo.

Mimi nina robo ekari ya vuta-sukuma. Desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, nyasi za brachiaria kuzunguka shamba. Iliundwa kwa ajili ya viwavi wa bua: harufu ya desmodiamu inamfukuza nondo, nyasi za pembeni zinamvuta akatage huko. Tena desmodiamu inaua kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na hiyo kwangu peke yake ilitosha. Huyu wa Amerika alipoingia 2017, wakulima wa vuta-sukuma wakaanza kusema mbona kwetu wamepungua. Watafiti wakaja kupima kwenye mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania, na mwaka 2018 wakachapisha: viwavi kwa kila mmea walikuwa pungufu kwa asilimia 82.7 ukilinganisha na shamba la mahindi peke yake.

Nisiwadanganye lakini. Mbegu ya desmodiamu ni ghali na ni ndogo kama vumbi, msimu wa kwanza inachelewa kuota na unapalilia kwa vidole ukiinama mpaka kiuno kinakulaani. Mume wangu alisema nimepanda magugu kwa pesa. Msimu wa tatu ng'ombe alipoanza kula hayo magugu na maziwa yakapanda, akaanza kuwaambia wageni "shamba letu la vuta-sukuma".

Kwa sasa, Mkulima, mahindi yako yako magotini, huwezi kupanda desmodiamu ikusaidie msimu huu. Ponda mayai. Mimi nilimwahidi kijana wangu wa darasa la tano shilingi mbili kwa kila kundi la mayai atakaloniletea kwenye jani. Siku ya kwanza aliniletea kumi na manne. Siku ya pili, thelathini na moja, nikaona ana bidii sana. Nikavaa miwani. Nusu ilikuwa utando wa buibui.

Mkulima_Lumakanda

Nimerudi na majibu. Mvua ilitunyima nafasi juzi, jana usiku nikaingia shambani na tochi na daftari la binti yangu.

Mimea hamsini. Iliyoumwa, kumi na tisa. Yenye kiwavi hai, kumi na mmoja. Na hapa nimeona kitu: katika hiyo kumi na mmoja, mmoja tu ulikuwa na viwavi wakubwa wawili. Mingine yote, mmea mmoja mkubwa mmoja. Nikajiuliza, kama walizaliwa mia pamoja, wengine wako wapi?

Nikachukua watatu wanene, nikawaweka kwenye mkebe wa majarini na kipande cha jani, kifuniko nimekitoboa. Watoto wakawapa majina ya wachezaji. Asubuhi tukafungua: yuko mmoja. Wa pili amebaki kichwa na ngozi. Wa tatu sikumwona kabisa. Jani bado lilikuwepo, halikuwa limeisha! Binti yangu akauliza kwa nini amekula ndugu zake na ugali uko mezani. Sikuwa na jibu.

Aliyebaki nikamtoa juani juu ya karatasi nyeupe. Y iliyogeuzwa, ipo usoni. Madoa manne, yapo, yamekaa kama vitufe vya rimoti. Ngozi yake haina weusi wa makaa, ni kahawia ya chai ya maziwa.

Nikampelekea mama. Alivaa miwani, akamgeuza kwa kijiti, akanyamaza muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akasema: "Huyu hakuja na wale." Nikamuuliza swali lako Mzee Mstaafu, la viazi vitamu. Akacheka. Anasema mwaka ule walikula viazi vitamu asubuhi, mchana na jioni hadi Desemba, kwa sababu viwavi walipita juu ya marando ya viazi kama watu wanaopita juu ya mkeka, hawakugusa jani. Na maharagwe pia yalibaki. Akaongeza mambo mawili ambayo sikuwa nimemuuliza. Moja, korongo walikuja wengi, wakatembea malishoni nyuma ya viwavi kama watu wanaovuna. Pili, babu alikataza ng'ombe wasiingie kwenye nyasi zile hata zilipochipua upya, na jirani aliyekaidi alipoteza mtamba.

Mstaafu_Njoro

Viazi vimemaliza kesi. Exempta anakula jamii ya nyasi: malisho, mahindi, mtama, wimbi, mpunga, miwa. Viazi, maharagwe, sukumawiki hapana. Huyu wa Amerika anapenda mahindi kuliko vyote, lakini wameorodhesha mimea zaidi ya 350 anayoweza kula. Kwa hiyo usiseme maharagwe yako kubaki salama ni dalili ya lolote. Mahindi yakiwepo hana haja ya kuhangaika.

Korongo pia ni kweli, wanajua kundi la viwavijeshi mapema kuliko wizara. Na babu wa Kabras alijua alichokuwa anafanya. Vifo vya ng'ombe kwenye malisho yaliyotoka kuliwa na viwavijeshi vimeripotiwa Afrika Mashariki, na lawama huwekewa nyasi zenyewe, hasa zile za kutambaa za jamii ya Cynodon, ambazo zikichipua huweza kuwa na sumu ya sianidi.

Kula nduguye ni kawaida ya frugiperda. Ndiyo maana mmea mmoja, mkubwa mmoja. Lile neno "jeshi" hapa kwetu linampa sifa asiyostahili. Jeshi ni wale wa mama, walioandamana bega kwa bega.

Niongeze jambo moja, kwa kuwa mama amenikumbusha. Hao wa zamani tulikuwa na namna ya kuwatabiri. Kituoni kwetu kulikuwa na mtego wenye harufu ya nondo jike, ya kutengenezwa maabara. Kila asubuhi nilimwaga madume mezani, nawahesabu kwa kalamu, naandika na kipimo cha mvua pembeni. Kila wiki hesabu zinakwenda Nairobi. Nondo wakiongezeka ghafla na mvua ya radi imenyesha, tahadhari inatoka kwamba eneo fulani lianze kukagua malisho. Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, lile la tangu 1962, nalo lina kazi hiyo ya viwavijeshi pamoja na nzige na kweleakwelea. Utabiri ule ulikuwa na maana kwa sababu adui alikuwa na msimu na njia. Huyu wa sasa mtego unamnasa pia, ila unakuambia tu kwamba yupo, jambo ambalo unalijua.

Sasa kazi. Mimea 19 kwa 50 ni mingi, mimi huchukua hatua ikifika 20 kwa 100. Weka mchanga laini au jivu, ncha za vidole tatu tu, ndani ya moyo wa kila mmea ulioumwa. Usijaze. Ukitaka dawa, nenda uulize aina tofauti na ile ya kwanza, upige jioni, pua ya pampu ielekee ndani ya faneli, na uwalenge wadogo ambao bado wako kwenye madirisha. Yule mnene wa kwenye mkebe hata ukimwogesha dawa, ameshakula sehemu kubwa ya chakula chake cha maisha. Karibu anaingia udongoni.

Kijana_Kiminini

Mzee, mchanga kweli? Sisi tulicheka bibi yetu akifanya hivyo.

NyarMbita

Mcheke na uuweke. Hata wakulima wa Amerika ya Kati, kwao na huyo mdudu, wanaweka udongo na jivu. Unakwaruza ngozi yake na kumkausha. Usiweke jivu la moto tu, utachemsha moyo wa mmea. Nimeshafanya kosa hilo, mistari miwili.

BabaTamu_Turbo

Sawa, nimesoma yote. Kila wiki nimeacha. Lakini kwenye ekari saba, nani ataweka mchanga kwa vidole?

Mstaafu_Njoro

Swali la haki. Kwa ekari saba, kagua kila siku tatu kuanzia mimea ikiwa na majani matatu, na upige pale tu palipoumwa, mara moja au mbili, kwa wakati. Mchanga ni wa shamba la mama.

Mkulima_Lumakanda

Siku kumi baadaye. Tulitumia mchanga wa mtoni uliochekechwa, gorogoro nne, mimi na watoto na mama akikagua kwa fimbo. Sehemu ya chini kabisa, kama robo ekari iliyozidiwa, nikapiga dawa ya aina nyingine saa kumi na mbili jioni. Leo nimehesabu tena hamsini: majani mapya yaliyoumwa ni mimea sita, kiwavi hai wawili, wote wadogo. Mahindi yamenipita kiuno, majani ya katikati yamechanikachanika lakini yanayochipuka ni mazima. Mayai nimeponda makundi tisa. Watoto wangu nawalipa shilingi moja na ninakagua kwa miwani.

Mtaro haujafukiwa. Nilimwambia mama nitawaita wale vijana waurudishie udongo, akaniuliza pesa za kuchezea nimezitoa wapi. Mvua ya wiki iliyopita imetuama humo hadi kifundo cha mguu. Jana nimemkuta ameinama kwenye ukingo na mche wa nduma mkononi, wa sita, mitano tayari imesimama kwenye matope, na vyura wanaruka pembeni. Anasema nafasi bado ipo ya kama arobaini, nikatafute miche kwa shangazi Malava.